Maswali Yenu: Doria ya Mtaa na Polisi

SWALI: Hapa Umoja, Nairobi, watu wanaporwa simu kati ya steji na geti la ploti. Tuko vijana wanane, tunataka kushika doria usiku pamoja na polisi. Tuanzie wapi? Na tukimkamata mwizi, tunaruhusiwa kumfunga kamba? (Mkazi wa Umoja)

JIBU: Anzieni kwa chifu, kupitia mwenyekiti wenu wa Nyumba Kumi, kikundi cha majirani cha kulinda usalama. Mpeni majina yenu kamili, nakala za vitambulisho na nambari za simu, kisha awapeleke kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Mkitoka usiku na marungu kabla OCS hajawajua, askari wa zamu atawachukulia kuwa genge, na hatakuwa amekosea.

Kifungu cha 96 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 kinawataka polisi washirikiane na jamii. Hakiwapi nyinyi sare, pingu wala ruhusa ya kupekua mtu mifuko. Na msipitishe bakuli la "pesa za ulinzi" mlango kwa mlango. Asiyetoa huanza kutishwa, na hapo nyinyi ndio mtaripotiwa.

Kuhusu kukamata: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi anaweza kumkamatia mtu bila hati. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumpitisha mtaani kwanza ili watu wamwone ni kukawia. Kamba ni ya kumzuia anayejaribu kutoroka, basi. Akishatulia, kila kofi ni shambulio, na akifa mikononi mwa umati, waliomshika wa kwanza ndio watakaotafutwa kwanza.

Kazi yenu kubwa ni macho na daftari. "Kuna watu wa kutiliwa shaka hapa" haimsaidii askari. Mwambieni hivi: pikipiki nyekundu, tarakimu na herufi ya mwisho ya nambari ya usajili, wawili, wa nyuma ana koti jeusi, wameelekea upande wa barabara ya Outer Ring. Saa ndiyo huwaponza wengi: raia anasema saa mbili na dakika arobaini usiku, askari anaandika 20.40, na akisikia vibaya anaweka 02.40. Kesi ikifika kortini, wakili wa mshtakiwa ataianzia hapo. Rudieni saa kwa namna zote mbili.

Dharura pigeni 999 au 112. Jambo likishapita, nendeni kituoni liandikwe, na msiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), ambayo huwa na nambari ya taarifa na tarehe. Picha za mshukiwa mpeni mpelelezi. Mkizitupa kwenye WhatsApp ya ploti, mwenyewe atanyoa nywele kabla ya asubuhi.

SWALI: Je, tukijitolea hivi tutapewa bunduki kama polisi wa akiba? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Hapana. Polisi wa akiba wako chini ya kifungu cha 110 cha sheria hiyo ya polisi ya 2011: nao hujitolea, lakini husajiliwa na Huduma ya Polisi yenyewe na kufuata amri zake. Kuwa mwanachama wa Nyumba Kumi hakukuingizi huko.