Maswali ya Wasomaji: Miezi ya Maandalizi, Dakika Chache za Plazma

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mtambo wa Wendelstein 7-X ulioko Greifswald, Ujerumani, unaotumiwa kuchunguza muungano wa viini vya atomu, huandaliwa kwa miezi mingi kabla ya kila kipindi kipya cha majaribio, ilhali jaribio moja huchukua sekunde au dakika chache tu. Ni kazi gani hiyo isiyokwisha? – Mwalimu wa fizikia, Iringa

JIBU: Mwalimu, sehemu kubwa ya muda huo hutumika kupambana na hewa na maji. Ndani ya chombo chenye umbo la pete iliyopindapinda, miligramu chache tu za hidrojeni hupashwa moto hadi makumi ya mamilioni ya nyuzi na kuwa plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimejitenga na viini, na oksijeni kidogo ikibanduka ukutani na kuingia humo, plazma hupoteza joto lake kwa njia ya mnururisho. Kwa hiyo, mafundi wakishafunga vifaa vipya vya kupimia na kuziba matundu yote 254 ya chombo, kazi ya pampu za kunyonya hewa ndiyo kwanza inaanza. Fundi hupuliza gesi ya heli kando ya kiungo kimoja baada ya kingine, huku kifaa kilichounganishwa na pampu kikisubiri kuinusa. Heli ikionekana ndani, kiungo hicho kinavuja. Tangu bamba za kupokea joto zilipoanza kupozwa kwa maji, katika matengenezo yaliyofuata majaribio ya 2018, ukaguzi huu umekuwa mkali zaidi, kwa sababu bomba linalovuja humwaga maji ndani ya ombwe lenyewe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Kisha chombo hupashwa hadi nyuzi 150 za Selsiasi ili kuta ziachie mvuke zilioufyonza zilipokuwa wazi.

Hatua nyingine ni kupoza koili 70 za sumaku hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, ili zipitishe umeme bila ukinzani wowote. Hapa haraka haina nafasi: takriban tani 425 za chuma hupozwa kwa wiki kadhaa, kwani sehemu moja ikisinyaa kabla ya nyingine, mihimili hukazika kupita kiasi. Koili hizo hutengwa na joto la nje kwa ombwe la pili, kama lile la chupa ya chai.

Linalonivutia zaidi, nakiri, ni ukaguzi wa uga wa sumaku unaotokana na koili hizo, ambao ndio huishikilia plazma isiguse kuta. Plazma ikiwa bado haijawashwa, miali ya elektroni hurushwa ndani ya ombwe, ikazunguka pete mara nyingi kwa kufuata mistari ya uga, na ufito uliopakwa dawa inayong'aa hupitishwa katika njia yake. Kamera iliyoachwa wazi kwa muda hunasa vitone vya mwanga vinavyojipanga kuwa duara ndani ya duara. Ukaguzi wa namna hiyo ulionyesha kwamba uga ulitofautiana na ule uliokusudiwa kwa chini ya sehemu 1 katika 100,000, jambo la kustaajabisha kwa koili zilizopindwa kwa namna ile.

Kuta nazo hupakwa utando mwembamba wa boroni, unaoikamata oksijeni iliyobaki. Boroni hiyo hutoka katika gesi yenye sumu, kwa hiyo shughuli hii ina taratibu zake kali za usalama. Matunda ya maandalizi haya yanapimika: Februari 2023 plazma ilidumu kwa dakika 8, na nishati iliyopitishwa ndani yake ilifikia gigajuli 1.3.

SWALI: Je, mtambo huo utaanza lini kuuza umeme? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hautauza kamwe, kwani haukujengwa kwa ajili hiyo. Lengo lake ni kuonyesha kwamba plazma ya aina hii inaweza kushikiliwa hadi dakika 30 mfululizo. Kuzalisha umeme ni kazi ya mitambo mingine mikubwa zaidi, ambayo bado haijajengwa.