OK ya wino wa kijani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni neno gani la Kiingereza ambalo likifutika kesho hutalililia? Wengi, nadhani, watataja yale maneno marefu ya kwenye semina. Mimi nataja herufi mbili tu, OK. Ila swali lenu nitalipinda kidogo, maana sina ugomvi na ugeni wake. Ugomvi wangu ni kwamba huwezi kujua limekubali nini.

Lilianza kama utani. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post liliandika "o.k." kwa maana ya "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa kwa makusudi, ndio mzaha uliokuwa ukitamba magazetini siku zile. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais wa Marekani Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook aliyeitwa kwa utani Old Kinderhook, wakalidandia kwenye kampeni. Van Buren akabwagwa, neno likabaki.

Sasa kuna ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja. Mwenzetu mmoja aliomba ruhusa ya siku chache aende harusini kwa mdogo wake. Barua ikarudi na OK ya wino wa kijani, pembeni kabisa, mkia wa K umekata mstari wa tarehe. Saini hakuna. Akafunga droo, akatuaga, akaenda zake. Kurudi, anakuta barua ya kujieleza: utoro kazini. Kikao kikaitwa. Bosi akasema, "Niliandika OK, maana yake nimeiona. Kibali kina fomu yake." Dada wa watu akajibu kwa adabu, "Samahani mzee, kama umeiona tu, si ungeandika umeiona?"

Hapo mama wa masijala, mtu mzima asiyependa makuu, akafungua faili na kuanza kufunua karatasi moja moja. OK kwenye ombi la wino wa printa, na wino ulinunuliwa. OK kwenye malalamiko ya choo, na choo hakikuguswa. OK kwenye mwaliko wa mkutano, na hakuna aliyekwenda. Alizisoma kwa sauti ileile, kama anaita mahudhurio. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaomba aione tena ile barua, kana kwamba K ingemwongezea maelezo. Mwishowe siku zile zilikatwa kwenye likizo ya mwaka ya yule dada, na radhi hakuombwa.

Mtasema hayo ni ya makaratasi. Haya, kisiwa cha Tenerife, Hispania, 27 Machi 1977: uwanja wa ndege umejaa ukungu, rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, anatamka redioni kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mnara wa kuongozea ndege ukajibu "OK", kisha ukawaambia wasubiri. Hayo ya kusubiri yakagongana redioni na sauti ya ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, iliyokuwa bado kwenye njia ileile ya kurukia. Kilichosikika vizuri kwa KLM ni ile OK. Ikaondoka, ikaigonga Pan Am, watu 583 wakafa. Sisemi neno ndilo lililoua, kulikuwa na ukungu na haraka ya rubani mkuu. Lakini baada ya hapo ilisisitizwa kwamba rubani arudie agizo lenyewe, asijibu OK na kupita.

Ila kadiri ninavyoandika naona nalegea. Hii "sawa" yetu ina nafuu gani? Mtu akikuandikia "Sawa." na nukta juu yake, unabaki kujiuliza umemkosea nini. "Haya" ndiyo balaa zaidi: ikivutwa ni ruhusa, ikikatwa ni tishio. Tungefuta OK, yule bosi angeandika sawa, kwa wino uleule. Na kuna mahali OK inafanya kazi safi. Wapiga mbizi huunda duara kwa kidole gumba na cha shahada. Mmoja anauliza hivyo, mwenzake anajibu hivyo hivyo. Dole gumba juu, kwao, ni "tupande", kwa hiyo hawawezi kulichezea.

Basi msilifute. Liondoeni tu kwenye barua za kuomba ruhusa, na hata huko, likiwa na saini na tarehe chini yake, mimi sina neno.