Gesi ya kutuliza uchungu wa leba: uliza mapema, vuta mapema

Dada, kama umesikia kuhusu gesi ya leba na unapanga kujifungulia hapa Nairobi, swali la kwanza ni kama hospitali yako inayo. Usilisubirishe mpaka siku ya uchungu. Liulize kliniki, na uulize vizuri: mtungi upo, una gesi, na wakunga wa zamu ya usiku wanajua kuutumia? Katika wodi nyingi za mjini mama bado huambiwa avumilie tu, kana kwamba kuomba nafuu ni uvivu. Hilo huniuma sana. Kuomba nafuu ni haki yako.

Gesi yenyewe, maarufu kama Entonox, ni nusu oksijeni na nusu nitrasi oksidi. Kule Uingereza akina mama wameizoea kwa miongo mingi. Hailazi usingizi, wala haiondoi uchungu wote kama sindano ya mgongo. Mimi nilipoivuta maumivu yalibaki palepale, ila makali yalipungua, nikaweza kumsikia mkunga akiongea nami. Kwangu hiyo ilitosha.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi hadi waseme gesi haifai kitu: muda. Gesi huchukua kama nusu dakika kuanza kushika, na nguvu yake hufika kileleni ikikaribia dakika moja. Uchungu mmoja nao hudumu kama dakika moja hivi. Ukisubiri maumivu yapande ndipo uvute, gesi itakukuta uchungu umeshapita, ubaki na kizunguzungu cha bure. Mkunga wangu alinishikisha tumbo kwa mkono wa kushoto. Tumbo huanza kukaza kabla maumivu hayajapanda. Likikaza tu, barakoa usoni, pumua kwa kina, taratibu, ndani na nje. Uchungu ukianza kushuka, toa barakoa, upumue hewa ya kawaida mpaka wa pili uje.

Barakoa ikae barabara usoni. Valvu yake hufunguka ukivuta tu, na inalia. Mkunga wangu alikuwa akiisikiliza sauti hiyo huku akiandika kwenye faili, isiposikika, ananiambia, "Mama, hewa inapita pembeni, bana vizuri."

Na uishike mwenyewe. Mume wangu alitaka kunisaidia, akakatazwa papo hapo. Ukivuta nyingi ukalegea, mkono huanguka na barakoa hutoka, unarudia hewa ya kawaida. Mtu akikushikilia, kinga hiyo imekwisha. Waambie mapema mume na mama, maana kwa mapenzi yao ndio watakaoikimbilia.

Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, mtoto si atazaliwa amelewa?" Hofu hiyo inaeleweka. Gesi humfikia mtoto, ndiyo, lakini hutoka mwilini kwa njia ya mapafu, yako na yake, ndani ya dakika chache. Tena haipunguzi nguvu ya uchungu wala haicheleweshi leba.

Kichefuchefu kipo, na mdomo hukauka. Weka maji karibu. Wengine hawapendi kile kizunguzungu kabisa. Si lazima uendelee, unaweka barakoa kando tu na baada ya muda mfupi kichwa kinakaa sawa.

Kuna wasiofaa kuitumia. Mwambie daktari kama una upungufu wa vitamini B12, kama umewahi kuambiwa hewa imevuja kifuani, au kama umefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni. Kama umeshachomwa sindano ya pethidini, dawa nyingine ya kutuliza uchungu, mkunga ajue kabla hujagusa barakoa, kwa kuwa viwili hivyo pamoja huongeza usingizi.

La mwisho ni pesa. Uliza kama gesi imo ndani ya pakeji ya kujifungua au inalipiwa kando, na uandikiwe bei hiyo kabla ya siku yenyewe.