Klipu ya penseli isiyolegea

Fundi wangu wa Kibuye, umesema penseli huchomoka mfukoni kila ukiinama kupima mbao, na klipu ya bati uliyoikunja ililegea kwa siku mbili tu. Kosa si mkono wako, ni bati. Bati laini likishapinda halirudi. Unahitaji chuma chenye springi, na tayari unacho: ule utepe wa chuma wanaofungia mizigo, unatupwa ovyo karibu na maduka ya hadwea. Kata kipande cha sentimita 10, kipige tupa kingo zote (mimi niliruka hatua hiyo, shati likachanika), kisha ukikunje taratibu kuzunguka msumari mnene. Ukikikunja kwa pembe kali kitakatika. Mdomo uinue kidogo ili uteleze juu ya kitambaa.

Kishikio chenyewe cha penseli, kinachoshikwa na klipu hiyo, tumia ngozi. Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi. Yako ya useremala ni bapa, kwa hiyo mwambie fundi viatu akushonee ala bapa, si ya mviringo. Ndani gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli, kiibane. Ncha ikae chini, na ala izibwe chini, la sivyo utachora mbavu zako.