Teke langu halivuki kiuno: nijinyooshe zaidi?

Swali: Mama Kine, salamu. Nina miaka 43, nafundisha hesabu sekondari, nakaa Kadutu, hapa Bukavu. Nilianza taekwondo miezi mitano iliyopita, sasa nina mkanda wa njano. Dollyo chagi, lile teke la kuzungusha kutoka pembeni, ya mguu wa kulia haivuki kiuno, ingawa najinyoosha dakika 20 kila jioni nikirudi kazini. Maître, mwalimu wetu wa taekwondo, anasema atanikalisha msamba kwa nguvu ili nyonga ifunguke. Asubuhi kano ya kisigino cha kushoto inauma hatua kumi za kwanza, kisha inaachia, na goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi. Halafu kwenye kyorugi, yaani pambano la watu wawili, dakika moja tu pumzi imekwisha, wakati kila siku napanda kwa miguu kutoka Nyawera hadi nyumbani! Niongeze mbio, nijinyooshe zaidi, au umri umeshakataa?

Jibu: Papa mwalimu, jambo, na pole kwa kisigino. Umri haujakataa. Nimesoma barua yako mara mbili nikabaki na neno moja: kushoto. Teke linalokataa ni la kulia, lakini kano inayouma ni ya kushoto na goti linalolalamika ni la kushoto. Unapopiga kwa mguu wa kulia, nani amekubeba? Huyo ndiye mgonjwa wetu, na wewe kila jioni unamhudumia mwenzake.

Acha kusoma kidogo, simama ukitazama ukuta, mikono yote miwili juu yake. Vidole vya mguu wa kushoto vitazame ukuta. Kunja goti la kulia, uliinue kwa pembeni kadiri liendavyo, ukumbuke lilipoishia. Shusha. Sasa geuza mguu wa kushoto: vidole vielekee kushoto, kisigino kitazame upande wa kulia, kiwiliwili kiegemee kushoto kidogo. Inua tena goti lilelile. Limepanda zaidi, sivyo? Na hakuna msuli uliorefuka ndani ya hizo sekunde 30.

Sababu iko kwenye mfupa. Upande wa nje wa paja, karibu na nyonga, kuna nundu. Ndiyo ile inayokuuma ukilala ubavu juu ya mkeka. Ukiinua paja moja kwa moja pembeni huku kiuno kikitazama mbele, nundu ile inakwenda kukutana na ukingo wa fupanyonga, na mfupa ukishakutana na mfupa, hata ujinyooshe hadi Krismasi haupiti. Mguu wa chini ukigeuka, kiuno chote kinageuka na kulala juu yake, paja linapata njia nyingine. Watazame mabingwa kwenye simu yako, simamisha video pale teke linapogusa: kisigino cha mguu ulio chini kinamtazama mpinzani. Cha kwako, nakisia bila kukuona, kinatazama ukuta wa nyuma.

Goti nalo linaingia hapohapo. Mwili unageuka, unyayo umeganda, mzunguko lazima utokee mahali fulani. Goti ni kama bawaba ya mlango, limeumbwa kukunja na kukunjua. Ukilizungusha huku limebeba uzito wote, gegedu zake zinakamuliwa kama nguo ya kufua. Na sisi wa Bukavu tunazidisha tatizo, maana klabu nyingi zinafanyia mazoezi kwenye saruji ya shule au ya ukumbi wa parokia. Tatami, ile mikeka laini ya mazoezi, ni anasa. Saruji iliyokwaruzika na unyayo wenye jasho vinashikana kama gundi, na wanaovaa viatu vya soli ya mpira ndio wanaoumia zaidi.

Kwa hiyo, wiki mbili zijazo usipige dollyo chagi hata moja. Chukua kipande cha kitenge kizee, ukiweke chini ya unyayo wa kushoto mahali pa saruji laini, shika ukuta vizuri usije ukateleza. Uzito uwe mbele, chini ya vidole. Kisigino kiinuke kiasi cha karatasi kupita, kisha kigeuke chote mpaka kitazame unakopiga. Rudi. Mara 20 kila mguu, taratibu, siku tatu kwa wiki. Wiki ya tatu ongeza goti: kisigino kigeuke na goti liinuke kwa pamoja, bila kukunjua mguu. Ukiona vinakwenda pamoja bila kufikiri, kunjua, teke liwe la chini ya kiuno. Urefu utakuja wenyewe.

Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza mwaka mzima hapo. Nilianza nikiwa na miaka 36, mama wa watoto wawili, nimesoma viungo vya mwili chuoni miaka yote ile, na bado nilikuwa nalaumu nyonga zangu. Binti yangu ndiye aliyenipiga video akasema, "Mama, mguu wako wa chini umelala."

Kuhusu msamba: kataa. Kwa adabu, lakini kataa. Maître wangu wa wakati ule, mtu mwema kabisa, aliwaambia vijana wawili wanivute miguu, huyu huku, yule kule, "mpaka ifunguke." Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Siku ya pili ngozi ya ndani ya paja ilikuwa ya zambarau hadi karibu na goti, na wiki saba sikupanda ngazi vizuri. Na unajua Bukavu hakuna kwenda popote bila kupanda au kushuka. Misuli ya ndani ya paja la mtu mzima ambaye ameketi na kusimama darasani miaka 20 si ya mtoto wa miaka tisa. Isitoshe, matundu ya nyonga hayalingani kwa watu: mengine ni ya kina kirefu, na mwenye nyonga hizo hatakaa msamba wa pembeni hata akianza utotoni. Jipime hivi. Kaa chini, unganisha nyayo, acha magoti yaanguke pembeni. Ukisikia mvuto ndani ya paja, ni msuli, unaweza kufunzwa. Ukisikia kubanwa mbele, ndani kabisa ya kinena, ni kiungo chenyewe kinakwambia basi, na hapo husukumi.

Zungumza na maître baada ya mazoezi, mkiwa wawili, si mbele ya vijana wa mkanda mweupe. Mwambie: "Maître, niruhusu nijishushe mwenyewe, kinena kinanivuta." Wengi wanaelewa, wasichopenda ni kupingwa mbele ya safu.

Zile dakika 20 za jioni zigawe upya. Misuli ya kinena inahitaji nguvu kuliko urefu: weka mpira wa watoto katikati ya magoti, ubane sekunde 10, mara 10. Kisha shika kiti, inua mguu pembeni mpaka unapofika wenyewe bila mkono kuusaidia, uushikilie hapo sekunde 5, mara 8. Utatetemeka, ni sawa. Ule urefu unaoweza kuushikilia kwa nguvu zako ndio utakaokutii siku ya kyorugi. Ule wa kuvutwa na mwenzako unabaki sakafuni. Kujinyoosha kwa kutulia ufanye mwisho wa mazoezi, mwili ukiwa na moto, sekunde 30 kila upande. Mwanzoni pasha mwili: tembea haraka, zungusha nyonga, piga miguu mbele na nyuma kama pendulo ya saa. Kujivuta dakika nzima na zaidi kabla ya kupiga kunaupunguzia msuli nguvu ya kufyatuka.

Sasa kano ya kisigino. Maumivu ya hatua za kwanza asubuhi yanayoachia ukishatembea ni dalili ya kawaida ya kano iliyobebeshwa haraka kuliko inavyojenga. Unasimama darasani mchana, jioni unarukaruka juu ya vidole kwenye saruji, na mguu wa kushoto unabeba kila teke la kulia. Mwili wa mtu mzima haujibu wote kwa wakati mmoja. Pumzi inaanza kuitika baada ya wiki chache, msuli baada ya miezi miwili hivi, kano inataka mitatu hata zaidi. Hapo ndipo watu wa umri wetu wanapokwama: mwezi wa nne mtu anajisikia kijana, anaongeza siku ya tatu ya mazoezi, kano bado iko nyuma njiani.

Kupumzika kabisa hakuiponyi. Inataka mzigo wa polepole. Nenda kwenye ngazi, simama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, mkono ukutani. Panda juu ya vidole kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kushoto, kisha shusha kisigino polepole, ukihesabu hadi tatu, mpaka kipite chini ya ngazi. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka iwe mikupuo mitatu ukiwa umenyoosha goti, halafu mitatu mingine ukiwa umelikunja kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Najua ni ndefu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakivuka nusu ya yale makali unayoweza kuyawazia, au asubuhi inayofuata kisigino kikiwa kigumu kuliko jana, punguza. Kamba ya kuruka iweke kando mwezi wa kwanza. Kama maumivu yako yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya ngazi; fanyia sakafuni.

Na jambo ambalo hukuniuliza: miezi hii umekunywa cipro? Hapa kwetu mtu akishikwa na homa ya matumbo, au akidhani imemshika, anaingia famasi na kutoka na ciprofloxacin bila karatasi ya daktari. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano, ya kisigino zaidi ya zote. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha onyo kali kwenye maelezo yake. Ikiwa daktari amekuandikia, usiikatize mwenyewe, lakini usiruke na usipige mateke siku hizo. Kano ikianza kuuma ukiwa katikati ya dozi, rudi kwake siku hiyohiyo. Na mtu akitaka kuchoma sindano ya kortizone ndani ya kano ya kisigino, mshukuru uondoke.

Siku ukisikia kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu, ukageuka hakuna mtu, hiyo si ya kuchuliwa kwa mafuta. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu alibane shavu la mguu kwa kiganja. Unyayo usipocheza, kano imekatika. Hospitali, siku hiyohiyo. Inawapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 30 na 50, wale wa mchezo wa mara moja moja.

Pumzi. Kupanda kwako hadi Kadutu ni kuzuri, usikuache, ila ni kazi ya mwendo mmoja. Raundi ya kyorugi ya mashindano ni dakika 2, mapumziko dakika 1, na ndani yake mtu anafyatuka sekunde chache, anatulia, anafyatuka tena. Mbio ndefu za asubuhi hazitakupa hiyo, zitaongeza tu mzigo kwa kisigino. Mara moja kwa wiki, mwenzako ashike raketi, kile kibao laini cha kupigia mateke: sekunde 10 ap chagi (teke la mbele) kwa nguvu zote, sekunde 20 tembea, mara 6. Pumzika dakika 2. Rudia raundi moja tu mwezi wa kwanza, mbili mwezi wa pili. Halafu pumua! Wanaoanza wakubwa karibu wote wanabana pumzi wanapopiga, wanaona haya kupiga kelele mbele ya watoto. Kihap, ule ukelele wa kupigia, si urembo, inakulazimisha kutoa hewa kila teke. Mwaka 2016 kule Rio, Cheick Cissé wa Côte d'Ivoire alichukua dhahabu ya kilo 80 kwa teke la sekunde ya mwisho kabisa. Teke la namna hiyo halitoki kwa aliyeishiwa hewa tangu raundi ya kwanza.

Kabla ya hizo raundi, pima presha. Una miaka 43, ni dakika tano tu. Na kifua kikibana, au ukiona giza unapokazana, unaacha hapohapo na kumuona daktari, hata kama maître anahesabu.

Chakula sina mengi: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na maharagwe vinatosha kujenga msuli, bugali ule saa mbili au tatu kabla, usiku wa homa hakuna kuvaa dobok, sare ya mazoezi.

Video ya kisigino unitumie baada ya wiki mbili. Apige mtoto, akiwa amesimama nyuma yako na si pembeni, simu iwe chini usawa wa goti, na mguu wa kushoto uonekane wote.