Maswali na majibu: Usingizi hauuzwi duka la dawa

Maswali mengi ya safari hii, kutoka Kigoma mjini, Ujiji na Kasulu, yanaomba jina la kidonge. Walioomba hivyo wasome wanavyojibiwa wenzao.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Tunaingia ziwani jioni, tunarudi alfajiri. Mchana sipati usingizi na siku hizi nawafokea watoto kwa jambo dogo. Mwenzangu ananiambia nikishauza nipige chupa mbili ndipo nilale. Ni sawa?

Mwenzako anakupoteza. Pombe itakulaza upesi, halafu baada ya saa chache itakuamsha ukiwa na kiu, jasho na moyo unaokwenda mbio. Baada ya muda chupa mbili hazitatosha. Walevi wengi ninaowafahamu walianza kwa kutafuta usingizi tu.

Anza na kahawa. Najua ziwani ndiyo inayowaweka macho, lakini saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa sita au saa saba usiku, si saa kumi mnapovuta nyavu. Ukishashusha mzigo, vaa kofia pana na uondoke mwaloni. Soga za pale jua likichomoza ndizo zinazokuharibia mchana wote, maana mwanga wa asubuhi unauambia ubongo kuwa siku imeanza. Kula kidogo, oga, lala. Dirishani tundika blanketi zito; kanga haizuii jua la saa nne. Zungumza na mama watoto mapema, ili wageni na redio vihamie uani. Bati likianza kuchoma saa sita mchana, hutalala tena chini yake, kwa hiyo lala saa moja asubuhi hadi saa sita, kisha jiongezee usingizi wa saa mbili alasiri kabla ya kutoka. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na zikija kwa vipande viwili bado ni usingizi.

Siku za mbalamwezi, mnapopumzika, lala usiku. Ukiona umepumzika vya kutosha na hasira bado ipo, nenda ukapimwe. Kwa wanaume wengi sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, haianzi na machozi, huanza na ukali nyumbani, na wanaoumia kwanza ni watoto.

Ni vitamini gani inaondoa mawazo?

Hakuna. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni hilohilo. Hela ya chupa ya vitamini nunua migebuka, maharage na mchicha, ule kwa wakati.

Piriton inanisaidia kulala. Niendelee?

Acha. Hiyo ni dawa ya mzio, kusinzia ni athari yake tu. Mwili huizoea haraka, na asubuhi unapanda bodaboda ukiwa bado na lepe. Na kwa kuwa najua kinachofuata: usihamie kwenye diazepam, dawa kali ya kutuliza na kulaza. Ndani ya wiki chache tu mwili unaweza kuitegemea, na kuiacha ghafla ni hatari. Muuza duka anayekuhesabia vidonge hivyo kiganjani bila cheti cha daktari hakufanyii wema.

Nimejifungua wiki sita zilizopita, naishi Gungu. Nalia bila sababu, hata mtoto akilala mimi silali. Mama mkwe anasema nitembeetembee na niombe.

Dada yangu, pole. Tembea, na omba, lakini usiishie hapo. Machozi ya siku za kwanza huwapata wazazi wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yako yamepitiliza. Siku ya kliniki, kadi ya mtoto ikishajazwa, muuguzi atakuuliza hali yako. Usijibu "mzima". Mwambie neno kwa neno ulivyoniandikia. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki: nenda hospitali siku hiyohiyo, na usikae peke yako.

Mama mkwe, shikamoo. Nakuomba umchukue mjukuu akishanyonya jioni, umbebe wewe, mkweo alale mpaka zamu ya kunyonyesha tena. Fanya hivyo kila siku. Wanawake wetu tunawaandalia uji na maji ya moto, halafu tunawaachia usiku wote peke yao.

Mume wangu aliandikiwa dawa za sonona. Sasa anatembea kila asubuhi hadi Bangwe, anajisikia vizuri, na dawa ameziacha. Amepona?

Hapana, na hili linanitia hofu kuliko maswali mengine yote. Kutembea kunasaidia kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na yeye asiache. Ila dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi, na kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya mtu kupata nafuu. Nafuu anayoisikia inawezekana ndiyo kazi ya dawa hizo. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kupoteza usingizi, na ugonjwa unaweza kurudi. Arudi kwa daktari wake wiki hii. Nanyi mnaowaambia wagonjwa "fanya mazoezi tu, dawa za nini", acheni.

Silali bila kuchezea simu.

Iache sebuleni. Nunua saa ya kengele.

Niko Kasulu. Ndugu yangu hali chakula, halali usingizi, hataki watu, wiki ya tatu sasa. Tunaogopa kumpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, watu watasema kichaa.

Nani kakuambia lazima Dodoma? Wiki mbili mfululizo za hali hiyo zinatosha kumpeleka hospitali ya wilaya, hapohapo Kasulu, na ikihitajika atapewa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya mkoa hapa Kigoma. Mpelekeni kesho. Mtu anayemwamini aende naye, aingie naye kwa daktari, na amuulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumtii fikra hiyo kichwani. Akisema ndiyo, asilale peke yake usiku huo, na sumu ya shambani itolewe ndani ya nyumba.