Jua la Kigoma halifuati saa ya Dar

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Unaipangaje siku yako ya kazi ili muda usikupotee?" Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, naanika mwenyewe na kuuza jumla, kwa hiyo jibu langu litawafaa zaidi wanaofanya kazi juani kuliko wanaokaa ofisini.

Ratiba nyingi tunazoshauriwa zinafuata saa ya ukutani. Huku Kigoma tunatumia saa moja na Dar es Salaam, lakini jua letu linachomoza kama dakika 40 baada ya kuchomoza kwao, na utosini linafika karibu saa saba, si saa sita. Wenzetu wa Burundi, jirani tu hapo, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Sasa mtu ananihimiza niamke saa kumi alfajiri niwatangulie wenzangu. Niwatangulie wapi? Saa hiyo mitumbwi bado iko ziwani, taa zinaonekana.

Saa kumi na mbili niko mwaloni, na hapo sipokei simu ya mtu. Mabeseni yanashushwa, bei inabadilika ukiwa umesimama, na dagaa akicheleweshwa tumbo linaanza kupasuka. Ikifika saa tatu nataka wote wawe kwenye chanja, yaani kichanja cha nyavu kilichoinuliwa, wametandazwa tabaka moja. Ukiwarundika, wa juu wanakauka na wa chini wananuka. Saa saba nawageuza. Chanja ina gharama, lakini upepo unapita chini na dagaa hawaokoti mchanga. Mnunuzi wa Dar akitafuna mchanga mara moja, hapigi tena.

Nikishageuza, jua linafanya kazi peke yake, na huo ndio muda wangu wa simu, benki na kupika. Wateja wameshazoea. Anayepiga asubuhi anajibiwa na binti yangu: "Mama yuko kwenye chanja, piga saa nane." Saa kumi na moja naanua, napima, najaza magunia na kuandika daftari kabla ya kula, maana nikishashiba siandiki kitu.

Halafu kuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, na wengi wanazihesabu siku hizo kuwa hasara. Mimi kila kisicho na haraka nakisukuma huko: kudai madeni, kukaza nyavu za chanja, kliniki, hata kusuka nywele. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilihamia kwenye mawese, ambayo yana ratiba yake nyingine kabisa.

Mvua za Novemba zikianza mpango huu unayumba, nanunua kidogo tu. Msomaji mwenye njia ya kukausha dagaa wakati wa mvua bila kuwapiga moshi aiandike, tafadhali.